Mlango wa Themanini

Siku Bwana Funguo alipomwondoa mama yangu kwenye kundi la simu la wapangaji, mama alikuwa jikoni kwake, ndoo mbili tupu miguuni na simu mkononi. Alisoma ujumbe, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akausoma tena. Kisha akacheka.

"Nimefukuzwa," akaniambia. "Umri wangu wote sijawahi kufukuzwa popote. Hata kazini walinistaafisha kwa keki."

Jengo zima lilimwita Bi Taipu, kwa sababu alipiga chapa miaka thelathini na moja katika ofisi ya hati za viwanja, na mpaka leo akifikiri jambo vidole vyake hugonga meza vyenyewe. Alikuwa anakaa ghorofa ya sita, ya juu kabisa. Mimi na mume wangu tulikaa ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, na naona aibu kusema kwamba sisi maji tulikuwa tunapata. Kule juu ndiko bomba lilikokuwa likikohoa tu.

Mama hakupiga kelele. Alifungua daftari, akawa anaandika kila siku: maji yamefunguka saa ngapi, yamekatika saa ngapi, hayakuja kabisa. Kila Jumamosi aliyapiga picha maandishi yake akayaweka kwenye kundi. Jumamosi ya kwanza Bwana Funguo, msimamizi wa jengo, alijibu kwamba pampu huwashwa kila siku asubuhi na jioni. Ya pili alisema anayedai vinginevyo ana lake jambo. Ya tatu alizifuta picha zote, na mama akatolewa.

"Ana funguo za geti, za paa na za chumba cha pampu," mama akasema. "Sasa anataka na za midomo yetu."

"Mama, mwache. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Hiyo methali aliitunga mtu aliyekwisha kushinda," akajibu, akaanza kugonga meza.

Jumapili alishuka kula kwetu. Mume wangu ni fundi wa mtandao. Nyaya zote za intaneti za jengo letu alizivuta yeye, na kazi ile alipewa na Bwana Funguo. Mama alingoja sahani zitolewe, ndipo akamgeukia.

"Mwanangu, nataka kuweka ukurasa wangu. Mtu akiwa humu jengoni afungue simu yake ausome, bila kupita kwenye kundi la mtu."

"Mama, hilo linataka seva, mashine ya kugawa kurasa."

"Nina kompyuta."

"Ile ni ya mezani, mama. Seva ni kitu kingine. Inataka chumba chake, ubaridi wake, watu wake."

"Kwani kompyuta ikikaa mezani inakuwa bubu?"

Mume wangu alinitazama mimi. Mimi nikatazama sinki.

"Mama," akasema taratibu, "nakuheshimu. Lakini naomba usiniingize. Yule bwana ndiye anayenipa kazi."

"Sijakuomba uingie. Naomba jina la programu tu."

"Ziko nyingi."

"Basi nitazifanyia usaili," mama akasema, akashukuru kwa chakula, akapanda ngazi zake.

Na kweli alizifanyia usaili. Mimi nauza miwani, na duka tunafunga saa kumi. Wiki ile yote nilikuwa nikitoka kazini nateka ndoo kwangu nampandishia, namkuta ameinamia kioo cha kompyuta, kando yake karatasi zilizochapwa na kalamu nyekundu. Wa kwanza kuitwa alikuwa yule aliyekuja na Windows yenyewe. Hakuhitaji hata kupakuliwa. Amelala ndani ya mfumo, unamwasha tu kwenye orodha ya nyongeza. Mama alimwasha, na ukurasa wa makaribisho ukatokea palepale. Nilipiga makofi.

"Ngoja," akasema. "Nimesoma masharti yake. Kwenye kompyuta ya mezani anahudumia maombi machache tu kwa wakati mmoja, mengine yanapanga foleni. Sisi hapa tuna nyumba arobaini na nane. Foleni ya ndoo tunayo, sitaki na foleni ya kusoma habari za ndoo."

Wa pili aliitwa Nginx, mwepesi, anasifiwa dunia nzima. Mama alikaa naye siku nzima. Jioni aliniambia kuwa wenyewe waliomtengeneza wameandika, bila kuficha, kwamba kwenye Windows wanamhesabu bado yuko majaribioni. "Nimempenda kwa ukweli wake," akasema. "Ofisini kwetu watu wa namna hiyo walikuwa wachache. Lakini sitaki wa majaribio."

Akabaki Apache, mzee kazini, ambaye makosa yake yote yamekwisha kuandikwa na watu waliotangulia kuyafanya. Hilo ndilo lililomvutia mama. "Nikikwama," akasema, "nitakuwa nimekwama mahali ambapo kuna nyayo."

Akakwama. Faili la kumpangia Apache kazi lina mistari mamia, mingi imeanza kwa alama ya reli, maana yake isomwe na binadamu tu, mashine iipite. Mtu mwingine angetafuta mistari mitatu ya kubadilisha akaenda zake. Mama alilichapa lote, akalisoma kama hati ya kiwanja, kila mstari, akipigia mstari mwekundu. Alipomwasha, Apache aligoma. Dirisha jeusi likafunguka, likatema maneno, likajifunga kabla hatujasoma.

Mara ya nne mama alilipiga picha kwa simu. Lilisema mlango wa themanini umekwisha kushikwa.

"Mlango gani?" nikauliza.

"Kompyuta ina milango, ya namba. Kurasa za mtandao hupitia wa themanini." Vidole vikagonga meza, vikanyamaza ghafla. "Ah! Yule wa kwanza. Nilimnyima kazi nikasahau kumwambia atoke."

Akarudi kwenye orodha ya nyongeza, akamzima yule wa mwanzo, akaiwasha kompyuta upya. Apache akasimama. Ukurasa wa majaribio ukaja, sentensi moja tu ya Kiingereza kwamba mambo yanafanya kazi. Mama akataka ukurasa wake ukae kwenye folda yake mwenyewe, aliyoiita Maji, siyo ndani ya folda za wageni. Akaandika njia ya kwenda kwenye folda ile, akageuza mikwaju, ile mistari ya kulala inayotenga majina ya folda, ielekee mbele kama faili linavyotaka, akajaribu. Kioo kikaandika neno moja kubwa jeusi: Forbidden.

"Imekatazwa," nikamtafsiria, ingawa hakuhitaji.

Nilimwona shingo inasimama. "Nani kanikataza? Nyumbani kwangu, kwenye kompyuta yangu, folda yangu?"

Alilirudia faili lake jekundu. Saa nzima alifuata mistari kwa kalamu. Kumbe mwanzoni kabisa kuna amri inayofunga folda zote za mashine, na kila folda unayotaka watu waione lazima uiandikie ruhusa yake. Mama aliandika maneno matatu, Require all granted, akayapiga kwa vidole kumi bila kutazama, kwa kishindo, kama anayetia muhuri.

"Wote wakubaliwe," akasema. "Kuna watu ingefaa waandikiwe mstari huu kichwani."

Ukurasa ukafunguka. Nikatoa simu yangu nijaribu, ikazunguka, ikazunguka, ikachoka. Hapo mimi nilikata tamaa, nasema kweli. Mama wala. Alisema kama ndani unafunguka na nje haufunguki, basi kuna mlinzi getini. Akamtafuta yule mlinzi wa Windows anayezuia wageni, akamwandikia kanuni kwamba wanaokuja mlango wa themanini kutoka ndani ya jengo wapite. Akaizuia na kompyuta isilale usingizi mchana. Akampanga Apache aamke mwenyewe umeme ukirudi. Kisha akaniambia, "Jaribu."

Simu yangu ikaonyesha jedwali: tarehe, siku, saa maji yalipofunguka, saa yalipokatika. Siku thelathini, hakuna pambo. Na chini kabisa: "Ukurasa huu unatoka ghorofa ya sita, mlango wa mkono wa kushoto. Mwenye pingamizi apande ngazi."

Kesho yake asubuhi alibandika karatasi kila ghorofa, zenye namba ya kuandika kwenye simu ili ukurasa ufunguke. Kabla ya adhuhuri Bwana Funguo alikuwa amepanda ngazi.

Nilikuwepo, kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Alifika anahema, funguo zinalia kiunoni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Karibu ukae. Samahani, sina maji ya kukupa."

Alikaa. Alisema ukurasa ule uondolewe.

"Kuna uongo ndani yake?" mama akamuuliza.

"Si suala la uongo. Ni suala la utaratibu. Matangazo yote hupitia kwa msimamizi."

"Yalipitia. Ukayafuta."

"Bi mkubwa, unatumia mtandao wa jengo kulichafua jengo."

"Mtandao huo umo ndani ya kodi yangu, kama maji yalivyomo. Kimoja nakipata."

"Nakuomba kwa heshima ya umri wako."

"Umri wangu ndio unaopanda ngazi sita na ndoo," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Nenda ukawashe pampu. Siku maji yakija nitaandika yamekuja, na saa nitaandika. Sina lingine la kukufanyia."

Bwana Funguo aliinuka akashuka moja kwa moja mpaka ghorofa ya pili, kwa mume wangu. Saa tisa, nikiwa sokoni, mama alinipigia simu: namba haifunguki kwa mtu yeyote. Nilimkuta mume wangu sebuleni amefungua kompyuta yake ya kazi. Hakujaribu kunificha.

"Umemfungia mama yangu."

"Nimeifungia kompyuta. Mama sijamfunga."

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia ungenizuia."

"Ndiyo maana hukuniambia."

Alisema kazi ni kazi, na kwamba ameamriwa mbele ya mlango wake mwenyewe, angefanyaje. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikakunja nguo zangu za kazini, nikabeba mswaki, nikaihama nyumba yenye maji nikapanda kwenye nyumba isiyo na maji, kwa kiburi tu. Mpaka leo sijutii.

Nilidhani nitamkuta mama amevunjika moyo. Alikuwa anaula ukurasa wake kwa macho kwenye kioo.

"Njoo uone," akasema. "Kwangu unafunguka kama kawaida. Apache yuko kazini. Mkwe wangu hakufunga chochote, kafunga barabara tu. Tutachimba nyingine."

Tulikwenda kwa fundi wa redio, mtaa wa nyuma, mama akachagua kisambaza mtandao kikuukuu chenye antena mbili, moja imefungwa gundi ya karatasi. Fundi akamuuliza intaneti ataitoa wapi. "Sihitaji intaneti," mama akamjibu. "Nahitaji jirani zangu." Fundi akamkodolea macho kama aliyesikia mtu ananunua kiatu asichokusudia kuvaa.

Aliunganisha waya kutoka kwenye kompyuta, akaipa kompyuta namba ya kudumu, ileile ya kwenye karatasi alizobandika, na Windows ilipouliza kama mtandao huu mpya ni wa nyumbani au wa hadharani, akajibu wa nyumbani. Kisambaza akakiweka juu ya kigoda karibu na mlango, mlango ukaachwa wazi. Nenosiri hakuweka. Lakini jina alikipa. Tangu saa ile, kila aliyefungua orodha ya mitandao kwenye simu yake, akiwa nyumbani au kwenye ngazi, alikuta katikati ya majina mengine limekaa moja kwa herufi kubwa: MAJI HAYAJAFIKA.

Hilo jina lilifanya kazi kuliko karatasi zote. Antena ile mbovu ilifika vizuri mpaka ghorofa ya nne, ya tatu kwa kubahatisha. Watu wa chini ikawabidi wapande mpaka kona ya ngazi ndipo wasome. Jioni, jua lingali juu, ukipita pale unakuta watu watano, sita, wameegemea ukuta, nyuso zimeinamia simu. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa nyusi tu wakaanza kuongea. Wa ghorofa ya tano na ya nne wakaanza kusukuma vikaratasi chini ya mlango wa mama: kwetu yalikuja saa kumi na mbili na robo, kwetu hayakuja. Mama akayaongezea kwenye jedwali, kila ghorofa na safu yake.

Siku ya nne nilikuwa nashuka kwenda kazini nikamkuta Mama Pacha pale konani, mshonaji wa ghorofa ya kwanza, mapacha wake wanamvuta sketi kila mmoja upande wake. Anatembeza kidole juu ya kioo cha simu.

"Dada," akaniita, "mbona ni Jumatatu na Alhamisi?"

"Nini?"

"Siku kavu. Hebu tazama. Siku nyingine yanakuja kidogo, yanakatika. Lakini Jumatatu na Alhamisi hayaji kabisa, wiki zote." Akateremsha simu. "Jumatatu na Alhamisi ndiyo lori la mashuka linakuja kwa dobi. Dirisha langu liko juu ya mlango wake, nalisikia likirudi nyuma."

Dobi alikuwa na chumba cha chini cha jengo letu, upande wa uani, anafulia nyumba za wageni. Na dobi, kila mtu alijua, alikuwa shemeji yake Bwana Funguo. Mambo haya mawili tuliyajua siku zote, ila hatukuwahi kuyakutanisha. Nilirudi juu mbio, nimechelewa kazini na sijali.

Mama hakuandika neno dobi kwenye ukurasa. Nilimsihi, alikataa. "Sijaona kwa macho yangu," akasema. Aliongeza jambo moja tu: mistari yote ya Jumatatu na Alhamisi akaipaka rangi ya kijivu. Ukurasa ukawa na milia kama godoro. Na chini akaandika: "Alhamisi hii, saa nne asubuhi, nitashuka chumba cha pampu. Anayependa tufuatane."

Alhamisi tulishuka watu thelathini na kitu. Mama mbele, na ndoo yake. Bwana Funguo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha pampu, mgongo umeuziba mlango. Ndani tulisikia pampu inanguruma.

"Pampu inafanya kazi," akasema kwa sauti. "Mnasikia wenyewe. Rudini majumbani."

"Tunasikia," mama akasema. "Inasukuma kwenda wapi? Kwangu bomba limekauka tangu alfajiri."

"Huku ndani ni hatari. Kuna umeme."

"Fungua."

"Bi mkubwa, usinilazimishe."

"Fungua, mwanangu. Umebeba funguo zote hizo, hukosi wa hapa."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimuudhi kuliko matusi. Akasema mama ni mchochezi, ukurasa wake alikwisha kuufunga kwa makosa yake, na ushahidi ni fundi wa mtandao mwenyewe, yule pale, aulizwe.

Sikuwa nimemwona mume wangu. Alikuwa nyuma, karibu na ukuta, ameshika kofia. Siku nane hatukuwa tumezungumza. Watu wakageuka.

"Ni kweli," akasema. "Nilimfungia mimi. Hakuvunja kanuni yoyote. Niliambiwa nimfungie nikamfungia, na nilijua si haki." Akasogea mbele. "Na bomba la chumba hiki nalijua, nimepitisha nyaya zangu humu. Kuna vali nyekundu ukutani, mkono wa kulia. Ikifunguliwa maji yote yanakwenda uani."

Bwana Funguo akamnyoshea kidole. "Wewe kazi huna hapa tena," akasema.

"Najua," mume wangu akajibu.

Mlango ulifunguliwa, maana watu thelathini hawabishani na mlango muda mrefu. Vali nyekundu ilikuwa wazi hadi mwisho. Mama aliweka ndoo chini, akaishika kwa mikono miwili akaizungusha mwenyewe. Mtu alitaka kumsaidia, akamkemea. Uani tukasikia mashine za dobi zinaanza kulia ukavu, kisha dobi mwenyewe akatoka na povu mpaka kwenye viwiko, anauliza nani kafunga.

"Ghorofa ya sita," mama akamwambia.

Mwenye jengo alipigiwa simu na watu wengi mno siku hiyo hata akalazimika kuja mwenyewe. Dobi alichimbiwa bomba lake la pembeni. Bwana Funguo hakufukuzwa. Bado yupo, bado funguo zinalia, na akikutana na mama kwenye ngazi anapekua simu yake kwa bidii. Maji ghorofa ya sita siku hizi yanakuja asubuhi nyingi, jioni yanasuasua. Mama anaandika hivyohivyo: yanasuasua.

Mimi nilirudi nyumbani kwangu Ijumaa. Mume wangu alikuwa amepika, na alikuwa amepika vibaya, nikala. Jumapili tulipanda wote wawili kwa mama. Mume wangu alimsalimia kwa heshima zote, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa upya.

"Mama, nilikukosea."

"Ulinikosea," mama akasema, wala hakuongeza kwamba yamekwisha. Kisha akamsogezea lile faili la karatasi, lenye mistari myekundu. Mume wangu akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, nikaona uso unabadilika.

"Haya yote umeyapanga mwenyewe?"

"Kuna kosa?"

"Hakuna." Akakuna shingo. "Jengo la pili kutoka hapa wamenipigia. Lifti yao imekufa tangu mwaka jana na msimamizi wao anasema inafanya kazi. Wameusikia ukurasa wako, wanataka wa kwao. Niliwaambia nitakuuliza kwanza."

Vidole vya mama vikaanza kugonga meza.

"Faili nitaandika mimi," akasema. "Wewe utavuta waya. Na siku atakapokuja mtu kukuambia ufunge?"

"Nitamwambia apande ngazi," mume wangu akasema.

"Hapana. Utanipigia simu mimi kwanza, kabla ya kumjibu. Haya, chukua kalamu. Hao watu wana kompyuta ya aina gani?"